Muulize Bibi Shamba: Mwembe wa baba mkwe na mbegu za Kanada

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nakuandikia kutoka Pongwe, Tanga, na naomba usilitaje jina langu maana mume wangu naye huisoma safu yako. Mbele ya nyumba yetu pana mwembe dodo alioupanda marehemu baba mkwe mwaka aliomaliza kujenga, 1978. Mwaka jana mwezi wa kumi mume wangu alikwenda Kanada kwa kaka yake, akakaa wiki tatu. Tangu arudi hana wimbo mwingine. Anasema wenzetu wana miti ya kivuli hasa, majani yanageuka mekundu kama moto, na sisi tumejaza uani miti ya kishamba, ya kutupiwa mawe. Alirudi na mbegu zenye mabawa mfukoni mwa koti, akazipanda kwenye kopo la rangi. Wiki ya nane sasa, kopo limenyamaza. Lakini fundi wa msumeno ameshaitwa na wameshapatana bei. Lawama zake kwa mwembe ni hizi: majani yanaziba mfereji unaopeleka maji ya mvua tangini, popo wanapiga kelele usiku, nzi, mawe ya watoto wa jirani juu ya bati, na embe lililopasua kioo cha gari ya mgeni wetu siku ya arusi. Nimemwomba asubiri kwanza nikuulize. Kati ya mwembe na huo mti wa Kanada, anaouita meipo (maple), upi ni mti wa kivuli? Na zile mbegu zitaota?
Mama wa Watatu, Pongwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina lako sikulitaja, ila umetaja kopo la rangi, koti na kioo cha gari, kwa hiyo mwenyewe akifika mstari wa tano atajijua. Basi bora nimsalimie kabisa. Mkwe wangu, hujambo? Keti hapo chini ya huo mwembe, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo umpigie fundi simu.

Huo mti wa meipo naujua. Sikuusoma vitabuni. Binti yangu alijifungua huko, mji ulio mwendo wa saa moja kutoka Toronto, nami nikaenda kumlea uzazi. Nilifika katikati ya mwezi wa kumi na koti la kuazima. Dirisha la jiko lilitazama meipo moja kubwa, ile ya aina ya sukari, na mtu aliyefanya kazi ya ubibi shamba miaka thelathini na moja Muheza na Korogwe hawezi kuosha vyombo mbele ya mti asiuchunguze. Sikatai, mkwe wangu, ulichokiona ni kweli. Jani lake ni pana kama kiganja kilichokunjuliwa, na asubuhi ile ya kwanza nusu ya mti ilikuwa rangi ya chungwa lililoiva, nusu nyekundu. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka maji yakapoa.

Wiki ya pili upepo ulivuma siku mbili. Siku ya tatu mti ulikuwa uchi. Mkwe wangu wa kule na mimi tulikokota majani kwa reki, tukayashindilia kwenye mifuko mirefu ya karatasi ambayo gari la manispaa huja kuichukua, tukajaza mifuko kumi na minne. Mti mmoja! Tena wewe unalalamikia mfereji. Mwembe unakuletea majani ya kufagia kidogo kidogo kila asubuhi, mwaka mzima, jani moja likistaafu jingine limeshaajiriwa. Meipo inakusanya deni lote inakulipa kwa juma moja, na mgongo wangu unaukumbuka mpaka leo.

Baada ya hapo nilikaa na mti ule mpaka mwisho wa mwezi wa nne ndipo nikapanda ndege. Siku naondoka, vichipukizi vyake vilikuwa vimefura kama punje za mtama, havijafunguka. Hesabu mwenyewe. Nilikaa na mti wa kivuli miezi sita na zaidi, na kivuli chake nilikipata wiki mbili.

Usidhani naukejeli. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule uchi ndio faida yake. Mwezi wa pili jua la kule halipandi utosini. Linatembea chini chini, linaingia dirishani kwa ubavu, na saa sita mchana lilikuwa linafika mpaka kwenye kochi alipolazwa mjukuu wangu. Nje theluji imefika magotini, ndani mtoto analala kwenye kipande cha jua. Mti ule ungekuwa na majani, sebule ingekuwa pango. Kisha kiangazi chao kikija na joto, majani yanarudi na kufunga pazia. Kwa hiyo mti wa kivuli, kwa mtu wa kule, ni mti unaojua lini ulete kivuli na lini ukiondoe. Sasa niambie, Pongwe ni mwezi gani unataka jua liingie sebuleni kwako saa nane mchana?

Na ule wekundu una mwenyewe, ni baridi. Majani ya kijani yana rangi nyingine chini yake zinazofunikwa. Siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza ule ukijani, unavuta chakula chake kutoka kwenye majani na kukirudisha ndani, na njano iliyojificha inajitokeza. Wekundu hutengenezwa palepale mwishoni, vizuri zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofika barafu. Baadaye majani hutupwa, kwa sababu maji ya ardhini yakiganda mizizi haiwezi kuyanywa, na jani ni kama mdomo uliofunguka, linapoteza maji bila kujaziwa. Isitoshe theluji ikikuta majani bado yapo matawi huvunjika kwa uzito. Nilisikia moja likivunjika kwa jirani usiku, nikadhani ni bunduki.

Kalenda ya mti ule ni urefu wa mchana. Toronto mchana wa mwezi wa sita unapita saa 15, na wa Desemba haufiki saa 9. Sisi Tanga tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni kama nusu saa, muda wa kuchemsha mihogo. Ukiuleta mti wa kule ukaupanda Pongwe umempeleka mtu kwenye mji usio na saa. Hataambiwa alale, na asipolala haamki vizuri. Chipukizi la meipo linalofungwa linahitaji wiki nyingi za baridi kali ndipo lifunguke sawasawa. Usiku wetu wa baridi kabisa, ule wa mwezi wa saba tunapogombania shuka, ni nyuzi joto kama 20.

Sasa lile kopo la rangi. Mbegu zako si mbovu, mkwe wangu, zinasubiri. Meipo ya sukari hudondosha mbegu wakati wa majani kuanguka, zinazunguka hewani kama pangaboi, zinalala chini ya theluji kwenye unyevu, na hapo ndipo zinapoiva ndani kwa ndani. Huota vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 1, ndiyo, moja tu juu ya barafu. Mche unaanza kuchungulia wakati theluji haijaisha. Wewe umezipa udongo wa moto wa Pongwe, zimekaa zinajiuliza majira ya baridi yamechelewa wapi.

Kokwa la embe ni kinyume chake kabisa. Lina haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Likikauka, limekufa. Likiwekwa kwenye friji, limekufa. Linataka litoke mdomoni liingie ardhini siku hizo hizo. Hizo mbegu mbili zingekuwa watu wasingeweza kukaa nyumba moja.

Ukitaka kuzijaribu mbegu zako, zifunge na mchanga wenye unyevunyevu kwenye mfuko, weka sehemu ya chini ya friji miezi mitatu, na umwambie mkeo si viungo vya pilau. Huenda zikaota. Utapata miche ya kutazama, itaungua kingo za majani na kudumaa. Lakini kwa kweli nisingependa uzipande hata hizo, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Mbegu haziingii nchini mfukoni mwa koti. Zinataka cheti cha afya ya mimea, na zikaguliwe mpakani. Unaowalaumu hao nzi wa embe, wale wanaoacha funza ndani, nao waliingia hivyo hivyo bila kubisha hodi. Ni nzi wa Asia, alionekana kwa mara ya kwanza Afrika upande wa Kenya mwaka 2003, na kwetu hakuchelewa. Kabla yake nilikuwa nafundisha wakulima habari za magonjwa ya ukungu kwenye maua, ubwiri unga na chule, basi. Baada yake nilianza kuona wazee wakimwaga embe kwa matenga. Kila ninapoona mtu anatoa mbegu mfukoni huwa nawakumbuka wale wazee.

Umesema pia, mama ameniandikia, kwamba kule kuna miti ya kivuli na kwetu ya matunda, kana kwamba mti lazima uchague. Mwezi wa tatu binti yangu alinipeleka shamba moja la meipo. Usiku maji yanaganda, mchana yanayeyuka, na katika hizo wiki chache utomvu unapanda na kushuka. Wanatoboa shina, wanapigilia mrija, wanatundika ndoo. Nikasema, kumbe mnagema! Nikaonja kwenye kifuniko cha ndoo: maji matupu yenye utamu wa mbali, kama dafu lililozimuliwa na mtu bahili. Kisha wakanipeleka kwenye kibanda cha mvuke, wanakochemsha kutwa, lita 40 zinakuwa lita 1 ya sharubati nzito. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kule anasifiwa kwa kuyatoa. Kwa hiyo mti wako wa kivuli tu una chakula ndani, na wenyewe wanauthamini hata wameweka jani lake kwenye bendera yao tangu mwaka 1965.

Nasi tuna bendera zetu. Ukishuka Temeke utaulizwa kama ni Mwembe Yanga, Magomeni kuna Mwembe Chai, Mombasa kuna Mwembe Tayari, Unguja kuna Mwembe Tanga na Mwembe Ladu. Hakuna aliyeyapa mitaa hiyo majina kwa sababu ya embe. Ni kwa sababu ya watu waliokaa chini. Wala mwembe si mti wa kishamba, kama anavyosema mkwe wangu. Ni mgeni aliyetoka Bara Hindi, na hata jina embe limekuja naye. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali na achari ya maembe. Tofauti ya mgeni huyu na meipo ni kwamba yeye alikuta huku mambo anayoyajua: joto, masika, kiangazi kikavu cha kumfanya atoe maua.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa sababu lawama zenyewe ni za kweli. Popo, mawe ya watoto, nzi na kioo cha mgeni vina chanzo kimoja: mnaacha embe ziivie mtini. Embe dodo haihitaji hivyo. Mabega ya tunda yakishajaa pale penye kikonyo, imekomaa. Iangueni kwa upondo wenye wavu mdomoni, ikiwa bado ngumu, mkaivundike ndani. Popo anafuata harufu ya tunda bivu. Mtoto harushi jiwe kwenye mti mtupu. Nzi anataga kwenye tunda linaloanza kulainika. Na hiyo ya kioo sina haja ya kueleza. Zitakazowaponyoka zikaanguka, ziokoteni kila siku, msizitupe chini ya mti. Zifukieni kina cha mkono mzima au zifungeni kwenye mfuko mweusi wa plastiki mkauanike juani mpaka funza wafe. Mkiona wale sisimizi wakali waitwao maji moto wamejishonea viota kwa majani, waacheni. Najua wanauma, nimeng'atwa nao mpaka kwenye kope, lakini mti wenye maji moto nzi huukwepa.

Majani na mfereji: huyo fundi wa msumeno mumwite, ila kwa kazi nyingine. Mwezi wa pili, embe zikiisha na masika hayajaanza, aondoe matawi yote yaliyo juu ya bati na yaliyo karibu nalo kiasi cha hatua mbili. Afungue na katikati jua lipite kidogo. Asizidishe robo ya mti kwa mwaka mmoja. Tawi kubwa alianze kwa kulikata chini theluthi moja, ndipo akate juu, vinginevyo litachana ganda la shina mpaka chini. Matawi mazito yaliyozoea kivuli yakibaki wazi yapakeni chokaa, nayo huungua na jua kama ngozi ya mtu. Awe na shati la mikono mirefu, utomvu wa mwembe unababua. Mdomo wa mfereji uwekeeni wavu wa waya. Kama shina liko karibu sana na ukuta, hukuniambia, tazameni kama msingi una ufa. Ufa ukiwepo, hapo ndipo tuandikiane tena kwa sura nyingine.

Wekundu je? Mkwe wangu, sikunyimi. Mwembe wako ukitoa majani mapya, toka nje asubuhi utazame, yanatoka ya rangi ya shaba, malaini, yananing'inia kama vitambaa vilivyoloa. Na kama hilo halikutoshi, panda mkungu, ule mti wa kungu, kule kwenye kona ya uzio. Majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, hapa hapa pwani, bila theluji wala cheti. Nimeona ukiwa umepandwa miaka yote na watu wanaupita.

Ulichouliza kwa mkato: kwa kaka yake, meipo. Kwa Pongwe, mwembe. Wakulima wangu nilikuwa nawapa kipimo kimoja, nanyi kifanyeni kabla fundi hajaja. Saa nane mchana, vueni viatu wote wawili. Simameni kwenye mchanga wa chini ya mwembe mhesabu mpaka hamsini. Kisha mtoke mkasimame hatua kumi pembeni, mhesabu tena. Mkwe wangu akifika ishirini aniandikie.

SWALI: Mama Bibi Shamba, jambo sana. Mimi nilizaliwa Uvira, Kongo, na sasa naishi Des Moines, Iowa, huku Marekani. Nilipanda kokwa la embe kwenye ndoo, likaota, tena yakatoka machipukizi matatu! Kiangazi nilikuwa naweka nje kwenye baraza, likapendeza. Mwezi wa kumi na moja nikaingiza ndani, sasa majani yanakauka nchani. Je, litazaa? Watoto wangu wananicheka.
Baba wa Uvira

JIBU: Jambo sana nawe, baba. Machipukizi matatu kwenye kokwa moja si mapacha wa ajabu. Embe nyingi hubeba viini zaidi ya kimoja. Acha lenye nguvu, mengine yakate kwa mkasi usawa wa udongo, usiyang'oe.

Mwezi wa kumi na moja ulichelewa. Iowa huko barafu huanza kuanguka mwezi wa kumi, na mwembe mchanga hauvumilii barafu hata ya usiku mmoja. Mwaka ujao, ukisikia usiku unashuka chini ya nyuzi joto 10, ingiza. Nchani panakauka kwa sababu ya hewa ya hita, ambayo ni kavu kuliko kiangazi cha Dodoma. Usiuweke juu ya tundu la hita. Uweke dirisha linalotazama kusini, maana jua lenu la baridi liko upande huo, na umwagilie tu udongo ukikauka mpaka kifundo cha pili cha kidole. Watu wengi hawaui mwembe wa ndani kwa kiu, wanauua kwa huruma. Machipukizi mapya yakitoka wakati wa giza yatakuwa marefu na dhaifu, usiyafurahie sana. Mwezi wa tano utoe nje, ila wiki ya kwanza kivulini, au majani yatababuka.

Kuzaa, sitakudanganya. Mwembe wa kokwa huchukua miaka sita au zaidi ukiwa ardhini, na mizizi ikiwa huru. Kwenye ndoo, na nusu mwaka gizani, usiutegemee. Ukitaka tunda tafuta mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishiwa kijiti cha mti mwingine, wa aina fupi, uupe chombo kikubwa na taa maalumu ya mimea. Itakugharimu kuliko embe za dukani za miaka kumi, na bado nadhani utanunua. Miti iliyo barabarani kwenu nje hapo, meipo na mialoni, inaweza kusimama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa sababu imeshamaliza kazi na kufunga milango. Mwembe hauna milango ya kufunga. Maji yake yako wazi hata usiku huo unaposoma haya.

Watoto wakicheka, waambie wausugue jani moja katikati ya vidole wanuse. Harufu ya embe bichi hutoka kwenye jani hata tunda lisipokuwepo. Wanawe mikono baadaye.

SWALI: Bibi Shamba, niko Lushoto, nimenunua shamba dogo lenye miti minne ya pichi. Mwezi wa saba imepukutisha majani yote. Kijana wangu wa kazi, ametoka Pangani, anasema imekufa na ameshanoa panga. Tuikate?
Mnunuzi Mpya, Lushoto

JIBU: Mzuie! Kijana wa Pangani hajawahi kuona mti uliolala, na mimi simlaumu, kwao mti ukipukutisha hivyo ni msiba. Nyinyi mko karibu meta 1,400 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa saba una baridi ya kutosha kwa pichi na plamu kupata usingizi wake mfupi. Ndiyo sababu zinazaa kwenu na hapa Muheza hazizai. Ni yale yale niliyomweleza mkwe wa Pongwe, ila hizi zinahitaji baridi kidogo tu na meipo inahitaji nyingi.

Shika kijiti chembamba, kwaruza ganda kwa ukucha. Chini pakiwa kijani na majimaji, mti mzima. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka kidogo kuelekea shina ukwaruze tena. Fanya hivyo kwa yote minne. Kwa kuwa panga limeshanolewa, aondoe vijiti vikavu na matawi yanayosuguana, sasa ndio wakati wake, kabla maua hayajatoka.